Jiwe la Chumvi Nililomwekea Mama

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na Ziwa Katwe, hapa Uganda, linanuka yai bovu kuliko kawaida. Nimerudi chumbani mapema. Miguu inawaka kwa chumvi, lakini si miguu inayonifanya niandike.

Leo nimejua kwamba nimeharibu kazi ya mtu.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja, Mbambu, mzaliwa wa Bwera anayesoma chuo kikuu Kampala. Anatafuta bakteria wanaoishi kwenye maji ya chumvi. Mimi niliishia darasa la sita, na nilidhani bakteria ni ugonjwa tu. Akaniambia wapo wanaoipenda chumvi hii hii inayotuchuna ngozi, na ndio wanaoyafanya maji yawe mekundu wakati wa kiangazi. Baadhi yao hutoa kitu kinachoua vijidudu vingine. Anataka kujua kama kitu hicho kinaweza siku moja kuwa dawa ya vidonda visivyosikia dawa. Hakuahidi chochote. Alisema "huenda" mara nyingi sana.

Alichagua kona moja ya kidimbwi cha chumvi ninachokitunza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyekundu kuliko zote. Akachomeka kijiti, akaniomba nisiiguse mpaka arudi. Siku ile alichukua maji kidogo tu ya kujaribia, akaandika kwenye chupa kwa kalamu: jina la ziwa, tarehe, na Hamisi.

Hapa hakuna anayeniita Hamisi. Mwenye kidimbwi, mzee anayekaa Bwera, ananiita kijana, na nina miaka arobaini na moja. Wengine wote wananiita Mutanzania. Miaka sita sasa.

Basi nikailinda ile kona. Kila asubuhi niliitazama kabla sijanywa chai. Masika, mama wa kidimbwi cha jirani, alinitangaza kwa wenzake: "Mutanzania iko nafuga vidudu! Utavichinja Krismasi?" Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuulizwa kitu.

Jumapili dada akatuma ujumbe kwamba anakuja Jumatano.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu sisi wa vidimbwi, mgeni akija, iwe ni mnunuzi au mwenye mali, unaondoa utando wote juu ya maji. Kidimbwi chenye utando ni aibu, ni kama nyumba isiyofagiwa. Mkono wangu umefanya hivyo miaka sita bila kuniuliza. Nilijiambia siigusi kona, naisafisha tu. Nikachota utando mwekundu wote kwa kata, nikaumwaga mbali, nikajaza maji mapya ya ziwa. Kijiti nacho nikakichomoa, kilikuwa kimechakaa.

Leo dada alisimama ukingoni akitazama maji meupe.

"Kaka Hamisi, utando uko wapi?"

"Nimekusafishia, dada."

Masika alicheka hadi kata ikamdondoka. "Umemufagilia mugeni, ukamutupa na mugeni mwenyewe!" Kisha akaona uso wa yule dada, akainama kuokota kata yake.

Dada hakunigombeza. Alisema tu kwamba mvua zimeanza huko milimani, wekundu hautarudi hadi kiangazi kingine, na muda wake wa masomo hautafika huko. Angenitukana nisingeumia hivi.

Halafu akauliza kuhusu kijiti.

Kile kijiti kilikuwa kimeota chumvi, bonge la ukubwa wa ngumi, la rangi ya waridi. Sikulitupa. Nilipoondoka kwetu Uvinza, Tanzania, ambako chumvi ipo tele, mama aliniambia: "Basi niletee jiwe moja, nami niione hiyo chumvi ya Uganda inayokufanya uiache ya kwetu." Tangu hapo, kila akipiga simu kuuliza naja lini, namwambia bado sijapata jiwe zuri. Jumapili nikalipata. Nikalifunga kwa kitambaa, nikaliweka dirishani juu ya godoro langu. Siku tatu nimelala nikilitazama.

Naliandika hili kwa kuwa wanaosoma hapa mtandaoni hawanijui: ulimi ulikuwa tayari kusema nimekitupa.

Nikaenda kulileta.

Aliliinua juani, akanionyesha vitone vidogo vya maji vilivyofungiwa ndani. Alisema chumvi ikiganda huwameza bakteria pamoja na maji yao, na wanaweza kukaa mle muda mrefu sana wakiwa hai, kila mmoja kwenye kitone chake. Akiwapa maji na chumvi maabarani, huenda wakaamka. Alisema "huenda" tena, lakini sasa alikuwa anatabasamu.

Kisha akaona kitambaa. "Ulikuwa umemwekea mtu?"

"Hapana," nilisema. "Lilikaa tu."

Alilitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika. Nilisoma kichwa chini miguu juu: Katwe, kijiti, Hamisi. Gari lao lilipopanda kilima kuelekea barabara ya Kasese, nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi, mpaka Masika akaniita nikamsaidie kuburuta magunia. Aliniita Mutanzania, ila kwa upole.

Sasa niko chumbani. Dirisha liko tupu, na pale jiwe lilipokaa imebaki alama ya unyevu.

Miaka sita sababu ilikuwa jiwe. Sikuwa na nauli, ni kweli, lakini hata nilipokuwa nayo sikwenda. Ningefika na nini mkononi, na miguu hii iliyochunwa na chumvi?

Kesho kabla ya kuingia majini nitampigia mama. Nitamwambia jiwe lilipatikana, lilikuwa zuri, na nimelitoa kwa mtu aliyelihitaji. Hatanigombeza. Ataniuliza tu, basi naja lini.

Nitamjibu nini safari hii?