Beji Msumarini

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi.

Bosi kasimama mbele ya wakaguzi, eti beji zetu za kupimia mionzi zote ziko safi. Safi! Si yeye anayetuambia tuzivue, tuzitundike msumarini kabla ya kuingia kwenye kinu cha nyuklia, zisije zikavuka kiwango tukasimamishwa kazi?

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Halafu yule msafishaji mpya, mjamzito, akaniuliza mbele ya watu: "Dada, huko ndani ni salama kweli?"

Bosi ananikodolea macho.

Nikasema ni salama. Shoga, nimesema ni salama!

Yule mjamzito akanishukuru.

Sasa nimepita pale mlangoni pa kinu, penye msumari. Beji yake inaning'inia juu ya yangu. Ameshaingia.