Gome la Michungwa

Kaka yangu,

Huku tunapumua. Bati la jikoni limeacha kuvuja, na mama anakusalimu.

Ile mbinu yako ya kubandua gome kuzunguka shina ili mchungwa uzae zaidi, baba aliifuata. Ulisema ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti. Yeye akabandua upana wa kiganja, shamba zima, eti kidogo hakitatosha.

Michungwa imezaa mpaka matawi yameinama, majirani wanakuja kushangaa. Lakini majani yamegeuka manjano, na vile vidonda, kwa upana ule, havitafunga tena. Miti inakufa, kaka. Yote.

Baba hajui. Jana alinishika mkono, anacheka: "Mwandikie kaka yako. Mwakani nabandua pana zaidi."

Mimi mdogo wako, ambaye hata sijui nianzeje kumwambia.