Nyuzi Mbili Ulizoniachia

Dada Zena,

Umeniudhi. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote ya kazi ya habari nimezoea kuanza na lililo kubwa. Uliposema pale hospitali, "Erhu yangu apewe Nuru, na wewe umsimamie," ulijua vizuri kwamba mimi sijawahi kushika hata zumari. Tena mwanao huyo hataki kuiona. Tulipomaliza kukuzika alisema wazi: kama hakuna wa kuipiga, irudishwe kwa mwalimu wako kule Parramatta. Nami kwa kimbelembele changu nikamwomba anipe mpaka Idi, nitajifunza mimi.

Sasa niambie, fidla gani hii ya Kichina? Nyuzi mbili tu, hakuna ubao wa kukandamizia vidole, na upinde umenaswa katikati ya nyuzi. Siku ya kwanza nilidhani fundi amekosea. Nikaanza kuzifungua nyuzi ili niutoe. Bi Lin, huyo mwalimu wako, alininyang'anya kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

Halafu kuna hili ambalo ulilijua na hukuniambia. Kila somo Bi Lin alikuwa akinipigia kelele: "Wai! Wai!" Mimi mtu wa Tanga, nikiambiwa wahi, nawahi. Nikaongeza kasi. Yeye "Wai!", mimi mbio, jasho linanitoka, wazee wa Kichina wa chumba cha pili wanachungulia mlangoni. Somo baada ya somo. Nilipokuja kuuliza, kumbe wai kwao ni uzi wa nje! Nimewahoji mawaziri nisiwaachie neno lipite bila maelezo, na hapa nikashindwa kuuliza neno moja. Najua ungecheka mpaka ushike ubavu. Mimi sikucheka.

Hapa Merrylands napiga mchana tu, watu wakiwa kazini. Haisaidii. Jirani yetu Mama Furaha, yule wa Bukavu, anafanya kazi zamu ya usiku na mchana ndio usingizi wake. Aligonga ukuta: "Dada, ile mbuzi mutaichinja lini?"

Jumapili nilikuwa nahangaika na ile bembelezi ya mama yetu, uliyokuwa ukiipiga wali ukiwa jikoni unapoa. Noti ya tatu ikaharibika, kama kawaida. Nikarudia, ikaharibika. Nikatukana, samahani. Mlango wa Nuru ukafunguka. "Ma'mdogo, no. Mum's was higher." Kwamba yako ilikuwa juu zaidi. Akakishika kidole changu, akakisogeza kidogo kuelekea kwenye kisanduku cha sauti kule chini. Sauti ikakaa.

Kisha akaniondoa kwenye kiti.

Sitakudanganya, alipiga vibaya kuliko mimi. Alikwaruza, akaacha, akakwaruza tena, macho yake kwenye uzi, na mimi nimesimama na mikono mitupu sijui niiweke wapi. Mwishowe akauliza Bi Lin anaanza saa ngapi Jumamosi. Idi bado, na erhu haiendi popote.

Basi pumzika, dada. Mungu akupe wepesi huko uliko. Ahadi yangu ni hii: nitampeleka, na nitakaa naye darasani nikijifunza kwa hasira zangu hizihizi, mpaka siku atakayonipita. Siku hiyo nitaweka upinde chini, na mtu asiniombe kuuinua tena.

Mdogo wako,
Mwanaidi