Maji Yaliyoinama

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kuniambia ni vumbi? Vaa soksi, usinibishie. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo nadhani limeajiriwa serikalini: halisogei mpaka lipigiwe kelele. Mama yako hajambo. Ameanza kula vizuri, na juzi nilimsikia akicheka na redio.

Uliniomba picha ya pale mabwawani alipopapenda baba yako. Nimechelewa kukujibu, na sababu yake si uvivu.

Unakikumbuka kile kibanda alichokijenga kwa mbao na turubai kando ya mabwawa ya majitaka, alipokuwa fundi wa pampu. Benchi moja, uwazi mmoja mrefu wa kupitishia lenzi, na mimi na kaka yangu tumebanana humo kama viatu kwenye boksi, tukingoja ndege. Mimi kushoto, yeye kulia. Tangu tumzike nakwenda peke yangu, na kamera ni ile yake.

Nimejiunga pia na wale wenzake wapiga picha za ndege. Wanakutana Jumamosi katika chumba cha juu ya duka la miwani. Picha inamulikwa ukutani, kila mtu anataja kasoro anazoziona, na mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Mimi, niliyegombana na mawaziri gazetini tangu hujazaliwa, nikae kimya nikisemwa na muuza miwani!

Picha zangu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukingoni kushoto pana utepe mweusi, na maji yameinama upande wa kulia.

"Mama, tuletee ndoo," alisema muuguzi mmoja mwenye mdomo, "maji yako yanatumwagikia sakafuni."

Wakacheka. Zamu yangu ilipofika niliwaka. Niliwaambia dunia yenyewe haijanyooka, na kwamba wao ni makarani wa rula tu.

"Sawa, mama wa hoja," akanijibu, "lakini ndege wako anateleza."

Muuza miwani hakucheka. Alizirudia picha zangu moja moja, kisha akauliza taratibu, "Dada, mle kibandani huwa unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona unapiga kama mtu aliyebanwa? Huu utepe ni ubao wa ukuta. Umejibandika kwenye ukuta wa kushoto. Na kiwiko chako cha kulia hakina nafasi, ndiyo maana kamera inalala. Nani anakubana?"

Unanijua, siamini mizimu. Wauza hirizi nimewaandika hadi wakaniita mchawi wa kalamu. Lakini nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki, mbele ya watu, nikalihisi bega la baba yako kulia kwangu.

Maonyesho yao yalikuwa yanakaribia, nami sipendi kushindwa. Asubuhi moja nikaenda nikakaa katikati ya benchi. Nilipojisogeza tu, ubao ukalia upande wa kulia, mlio uleule uliokuwa ukilia baba yako akiinuka. Upepo haukuwapo. Muda si mrefu mdiria akatua kwenye nguzo, samaki mdomoni, nikampiga picha. Jicho linang'aa, maji yametulia sawa kama meza. Jumamosi ilipomulikwa ukutani, muuguzi yuleyule ndiye aliyeanza kupiga makofi. Picha hiyo itatundikwa mlangoni kwenye maonyesho.

Nimerudi mara nyingi tangu hapo. Nakaa kushoto, najibana ukutani, kiwiko nimekikunja ubavuni, nangoja. Maji yananyooka tu. Nikiyainamisha kwa makusudi, najua ni mkono wangu. Sijui kama ni mimi niliyemfukuza baba yako, au yeye alikuwa akingoja nijue kazi ndipo aende zake. Naosha vyombo, swali limesimama nyuma yangu. Naandika makala, lipo.

Bibi yako anakusalimu sana. Baba yako mdogo anasema simu yako haipatikani; mpigie, asije akanimaliza kwa malalamiko. Nisalimie mumeo, na mjukuu wangu umkumbatie hadi apige kelele. Mungu akufunike huko ugenini, akupe usingizi usio na maswali.

Picha ya mdiria nimewaachia wao. Yako ni hii iliyomo kwenye bahasha, ya mwisho niliyopiga kabla sijahamia katikati. Ndege haonekani vizuri, na utepe mweusi upo. Ukiitundika utatamani kuipinda fremu ili maji yakae sawa.

Usiinyooshe, mwanangu. Hapo bado amekaa.

Akupendaye hata akigomba,
Shangazi yako.