Samansi Mbili za Irakoze

Irakoze mwanangu,

Maharage nimeyaepua, tia chumvi tu. Mbuzi hawajanyweshwa.

Asubuhi ulipokuwa shambani walikuja askari wawili na hati ya kukukamata. Wanasema umeitwa mara mbili kutoa ushahidi kwenye kesi ya baba yako mdogo Nduwayezu, ukakaidi. Hukukaidi, hukujua. Samansi zote mbili nilizipokea mimi, nikatia saini, nikazificha chini ya gunia la mahindi. Ni mdogo wangu, niliogopa utamfunga. Kumbe mkewe, na ule mkono aliovunjwa na mumewe, alikuwa anatoka hapa Makere hadi mahakamani Kasulu na kurudi bure, kesi inaahirishwa kwa kukosa shahidi.

Nimewaambia askari, "Mkosaji ni mimi." Nimeondoka nao nikamweleze hakimu mwenyewe. Wamekubali wewe ufike mahakamani kesho saa tatu.

~~Usije. Nenda kwa shangazi Buhigwe.~~

Hapana, njoo. Vaa sweta. Nitakuwa nimekaa humo ndani, lakini usinitazame. Sema yote uliyoyaona.

Unisamehe.

Baba yako