Kutu ya Paa Letu Inasifiwa Ng'ambo, Mama Analowa

Kwako Mama Ernestina, mshauri wa ukurasa huu,

Shikamoo, ikiwa umenizidi umri. Na ikiwa mimi ndiye mkubwa, basi ipokee kama salamu ya mtu aliyekuja kuomba. Naitwa Yoakimu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sasa ni mkulima wa mahindi na maharage hapa Balangdalalu, wilaya ya Hanang. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, kwa kuwa nililelewa kuamini kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani, lakini haya yamekataa kumalizika, nami naomba msaada wako.

Mtoto wetu wa mwisho, Emanuel, yuko Arusha, ambako huchora matangazo kwa kompyuta katika ofisi fulani. Arusha si ng'ambo: anayepanda basi asubuhi hula chakula cha jioni hapa kwetu. Hata hivyo hajafika tangu tulipomzika babu yake, na hata siku ile aliondoka kabla majivu ya moto wa waombolezaji hayajapoa. Mwaka jana baada ya mavuno alianza kutupigia simu mara kwa mara, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na kila alipopiga aliuliza juu ya nyumba, upana wa ukuta wa mbele, kimo cha mlango, rangi ya madirisha, ua wa minyaa unaishia wapi, ule mkaratusi wa karibu na zizi bado umeinama au umeanguka, nami nikachukua kamba nikapima, nikazunguka na simu nikipiga picha za nguzo za zizi, za ukuta uliobanduka lipu, za bati lililoshika kutu, hata za samadi, maana nayo aliitaka, na nilipomtumia alinishukuru kwa maneno ambayo hakunishukuru kwayo nilipomsomesha.

Kwetu huku, mtoto anayeuliza upana wa nyumba ya wazazi wake ana neno moja tu moyoni: anataka kujenga. Mke wangu Marieta alisimama kwenye jumuiya akatoa shukrani mbele ya watu kwamba mwanawe anamjengea, akapeleka jogoo kanisani, na wanawake wakampigia vigelegele hadi nje.

Jibu lilitufikia kwa mkono wa Mwalimu Rogers, kijana wa kutoka Bukoba anayefundisha sekondari ya kata, ambaye ana kompyuta ya mkononi. Emanuel alimtumia video atuoneshe. Marieta alivaa kitenge cha kanisani, tukaketi sebuleni kama watu wanaosubiri kusomewa wosia. Video ilipoanza tuliona ndege ndogo ikitokea upande wa Basotu, ikapita juu ya ziwa, ikapita juu ya mashamba ya ngano, Mlima Hanang ukiwa umefunikwa wingu kama unavyofunikwa kweli, kisha ndege ikashuka, na pale chini ikaonekana nyumba yetu. Si nyumba inayofanana na yetu, Mama Ernestina, ni yetu: ua wa minyaa, mkaratusi ulioinama, zizi, samadi, kamba ya nguo na shati langu la buluu lenye kiraka, kuku juu ya mkokoteni uliovunjika gurudumu, na bati lenye kutu iliyochuruzika hadi ukutani, ilivyo hasa.

Nakiri kwamba nilisisimka. Mwalimu Rogers akatueleza kwamba huu ni mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, unachezwa na watu wazima dunia nzima, na mtoto wetu huuchorea mandhari ili wachezaji wapite juu yake. Akatusomea waliyoyaandika watu wa nchi za mbali, naye akitafsiri. Mmoja alisema kutu ya lile paa ilimfanya ageuze ndege apite mara ya pili. Mwingine alisema hajawahi kuona samadi nzuri kama ile. Rogers alicheka, mimi nikacheka, Marieta akauliza kama wale watu hawana ng'ombe.

Nilimpigia Emanuel pale pale, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie, nikamuuliza rubani anahusika vipi na shati langu. Alinijibu kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu utoto, alipokuwa akikimbiza kwa miguu ndege iliyokuja kupulizia dawa ya kuua kweleakwelea wanaokula ngano.

"Baba, njia ya kurukia kila mtu anaweza kuichora," alisema. "Watu wanapenda vile visivyohusu ndege. Rubani akishuka akaona shati kwenye kamba, anajua pale ni kwa mtu."

"Na kweli ni kwa mtu," nikamwambia.

Hapo mama yake akaisogelea simu. "Kigoda changu nimekiona, mwanangu, na ungo wangu nimeuona, na mahindi yamo. Mimi niko wapi?"

"Watu huharibu, Mama. Wasipotembea vizuri huonekana kama vijiti vimesimikwa. Nimewaacha."

Marieta alicheka, akamwambia Mwalimu Rogers anywe chai kabla haijapoa. Nimeishi na kicheko cha mke wangu tangu ujana wetu, na kile hakikuwa kicheko.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Hilo paa linalosifiwa linavuja. Binti yetu Gaudensia, muuguzi huko Mbulu, alinunua mabati mapya akayaleta kwa lori, na yameegemezwa sebuleni. Fundi Alfredi alikuja na ngazi kabla ya mvua za vuli, na asubuhi hiyo nilimwarifu Emanuel, kwa kuwa kwa mila yetu mtoto wa mwisho ndiye mrithi wa boma, nikaona si vema nyumba ibadilike bila yeye kujua. Akanisihi sana tusiliguse paa. Alisema picha za simu hazikutosha, kwamba anakuja mwenyewe karibuni na kamera ya kweli aipige ile kutu kwa karibu, kwamba kutu ya namna ile huchukua miaka mingi kupatikana. Nikamwambia Alfredi ashuke.

Vuli ikanyesha ikaisha. Emanuel alisema atakuja Noeli, hakuja, akasema kazi ni nyingi. Sasa anasema Pasaka. Kitanda tumekihamisha kutoka pembe hadi pembe hadi pembe zimekwisha, sufuria inakaa mahali pa mto wa kulalia, Marieta anakohoa, na zahanati wamemwambia alale pakavu. Masika yanakuja. Juma lililopita nilimwita Alfredi tena, lakini kabla hajapanda, Marieta alitoka na kigoda chake, akakiweka chini ya ngazi, akaketi akaanza kuchambua maharage. Alfredi alimwamkia, akamwomba apishe kidogo. Hakupisha. Kisha akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Mkiling'oa hili bati, atakuja kupiga picha ya nini?"

Nilimjibu kwamba atakuja kutuona sisi.

"Sisi hatumo," akasema.

Mama Ernestina, nimefundisha watoto wa watu kwa muda mrefu, lakini siku hiyo nilimwambia Alfredi achukue ngazi yake aende. Ndugu yangu Sulle ananishauri nimpeleke Marieta kwa Gaudensia kwa kisingizio cha matibabu, nyuma yake niezue na kuezeka, akirudi akute yamekwisha. Na tena ananiambia nimnyime Emanuel boma, nimpe mwanawe yeye Sulle, ambaye ndiye anayetukamulia ng'ombe. Je, nimwezulie mke wangu nyumba akiwa hayupo, au nimwache alowe kwa hiari yake akimsubiri mtoto wake? Nijibu upesi, maana mawingu ya kusini yamekwisha kuanza.

Mwalimu mstaafu Yoakimu,
Balangdalalu.

JIBU LA MAMA ERNESTINA

Mwalimu Yoakimu, shikamoo. Kwa kuisoma barua yako naona umenizidi umri, kwa hiyo nimekuamkia kwanza. Sasa nitakukemea.

Nakupa pole, na pole hii ni ya kweli. Lakini umeniandikia kana kwamba mkeo ndiye mkaidi wa nyumba hiyo. Soma tena ulichoandika. Nani alimshusha Alfredi kwenye ngazi mara ya kwanza? Si Marieta. Ni wewe, mwalimu mzima, mwenye mabati mapya sebuleni na mawingu juu ya kichwa, ulimtii kijana aliyeko Arusha kwa sababu alikuomba kwa sauti tamu. Na ulimtii kwa sababu nawe ulipenda. Umenieleza kiraka cha shati lako na gurudumu la mkokoteni kwa wino mwingi kuliko kikohozi cha mkeo. Usione haya kwa kusisimka. Nani asiyesisimka kuona kwao kunasifiwa? Lakini aliyelipa gharama ya sifa hizo amelala na sufuria pembeni ya kichwa.

Tena kuna mtu katika barua hiyo umempitia kama anayepita njiani. Gaudensia alinunua mabati, akayapakia, akayaleta. Umempa sentensi moja. Hakuna aliyetoa shukrani kwenye jumuiya kwa ajili yake, wala sikusoma kwamba jogoo alikwenda kanisani. Yeye hakuwauliza upana wa ukuta. Aliona panavuja. Mnamsubiri mtoto anayeipenda nyumba, na mmemwacha amesimama mlangoni mtoto anayewapenda ninyi.

Kuhusu Emanuel, sitaidharau kazi yake. Mtu anayekumbuka mkaratusi umeinama upande gani hajasahau kwao. Lakini kukumbuka hakudai nauli, Mwalimu. Ameniuma pale alipowaacha watu. Anasema hawatembei vizuri. Huenda ni kweli, mimi siijui kazi hiyo. Ninalojua ni kwamba kigoda hakimuulizi atakuja lini, wala shati lililo kwenye kamba halikohoi anapopiga simu. Ametengeneza nyumbani ambako anaweza kupita kila siku bila kuulizwa neno.

Sasa sikiliza nikuambie la kufanya.

Shauri la Sulle la kumtorosha mkeo ulitupe mbali. Usimwibie Marieta paa lake akiwa amelala kitanda cha Gaudensia. Akirudi akakuta umemzunguka, utakuwa umemfundisha kwamba hata wewe hufanya mambo yako kana kwamba yeye hayumo. Na hilo la kugawa boma kwa hasira liache kabisa. Urithi ni jambo la wazee kukaa na kusema kwa utulivu, na Sulle anayelishauri ana mtoto wa kufaidika nalo.

Mpigie Emanuel ukiwa umeketi na mkeo, sauti ikiwa wazi kama siku ile. Usimwombe ruhusa juu ya paa. Paa si lake, hata kama amelichora. Muulize jambo moja tu: unakuja siku gani? Si Pasaka, si karibuni. Siku. Akiitaja, mwambie kwamba siku hiyo atawakuta chini ya bati jipya. Akikosa kuitaja, nyamaza, usimtukane, usimwombe, ukate simu. Umwache Marieta aisikie hiyo nafasi tupu kwa masikio yake mwenyewe, kwa maana kuna mambo ambayo mama hakubali kuyasikia kutoka kwa baba.

Kisha mwite Gaudensia aje siku ya kuezeka, yeye ndiye ashike ngazi. Mwambie Alfredi avue bati moja lenye kutu nyingi bila kulikunja, aliegemeze ukutani chini ya upenu, na liwe mali ya Marieta. Akitaka kulitunza kwa ajili ya kamera ya mwanawe, alitunze. Wala asiondolewe kwa nguvu chini ya ngazi. Chukua kigoda cha pili, ukae naye, mchambue maharage pamoja mpaka atakaponyanyuka mwenyewe. Najua mawingu yameanza. Kaa hata hivyo.

Siwezi kukuahidi kwamba mtoto atakuja. Ningekudanganya, nawe ungejua. Huenda akaja kwa hasira ya kutu iliyopotea, huenda akabaki Arusha akizungukazunguka juu ya paa ambalo halipo tena. Hilo limo mikononi mwake. La kwenu ni mvua.

Na mvua ya kwanza ya masika itakapopiga juu ya bati jipya, mkeo akakuuliza tena yuko wapi katika ile picha, usimwite Mwalimu Rogers wala usitafute simu. Mjibu wewe: "Upo hapa, Marieta, na hapavuji."