Baba Verlin, Tangazo Hili Halina Sura Yako

Mwaka umetimia Jumatano hii, Baba, tangu ulipoteremka chumba cha chini, unakosafishia filamu zako, kuning'iniza picha zikauke, ukakaa kwenye kile kiti cha mbao upumzike kidogo, na hukupanda tena. Mkeo Nadine, mama yetu, alipokuja kukuita chakula cha jioni, picha zilikuwa bado zinadondosha maji. Hata alipokugusa bega akaelewa, hakuwasha taa nyeupe, maana ulimkanya miaka arobaini asiiwashe mpaka wewe useme, isije ikaharibu picha. Alikaa nawe katika ile taa nyekundu akapiga simu. Watu wa gari la wagonjwa ndio walioiwasha.

Wasomaji wa gazeti watashangaa kwamba juu ya jina lako hakuna uso. Tumetafuta, Baba. Katika picha ya arusi umefumba macho. Katika ya leseni ya udereva unafanana na mtu anayetafutwa na polisi, na maneno hayo si yetu, ni ya kaka yako mwenyewe, baba mkubwa Merle. Zilizobaki, maelfu na maelfu, ni za magari na watu wa magari, na wewe umo upande wa pili wa kamera.

Miaka thelathini na mmoja ulitengeneza mabasi ya shule ya wilaya hii, na hakuna mtoto aliyewahi kukwama kwenye theluji katika basi lililopita mikononi mwako. Uliosha mikono kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko. Ulikula mkate wa soseji baridi na haradali umesimama, hata nyumbani, hata meza ikiwa imeandaliwa. Ulipiga mluzi ukiwa umekasirika, nasi tulijua kukaa kimya mpaka mluzi uishe.

Lakini kila mwisho wa kiangazi zilikuwapo siku tatu ambazo hukuwa fundi wa mtu. Ulikwenda uwanja wa Sumner Creek kupiga picha mashindano ya magari ya zamani: yale marefu membamba ya miaka ya sitini, injini mbele, dereva amekalia mkia, yanakimbia mawili mawili kwenye lami iliyonyooka, robo maili, basi. Sekunde saba na shughuli imekwisha. Mafuta yake ya naitro huwasha macho ya kila aliye karibu, kwa hiyo ulirudi nyumbani Jumapili macho mekundu, unanuka moshi, umeridhika. Mama alikuwa akikuambia, "Vua hukohuko nje, harufu yako itaua paka."

Wapiga picha wenzako walimwelekea mshindi. Wewe ulimpiga aliyeshindwa. "Mshindi ana picha za kutosha," ulisema. "Huyu mwingine katoka Kentucky na mkewe na chupa ya kahawa, na kachoma mafuta yaleyale." Asiyekubali kushindwa si mshindani, na wewe ulikuwa na ushahidi wa wote waliokubali. Mwaka uliofuata ulizunguka kambini kwao na bahasha, ukimpa kila mtu yake mkononi, nyuma umeandika kwa penseli tarehe na muda aliokimbia. Hukutuma hata moja kwa posta. Aliyetaka picha yake ilimbidi arudi kushindwa tena.

Na ilikuwapo ile kanuni yako, ambayo kila aliyewahi kula nasi anaijua kwa moyo. Ndani ya kamera yako ya filamu mna kioo kidogo. Unapofyatua, kioo kinanyanyuka kuipisha filamu, na kwa kitambo hichohicho jicho linaona giza tupu. Kwa hiyo kilichoingia kwenye picha ndicho ambacho jicho halikukiona, na kilichoonwa na jicho hakimo kwenye picha. "Ukiiona, umeikosa," ulisema, ukigonga meza kwa uma. Wahenga walisema macho hayana pazia; yako yalikuwa nalo.

"Kwa hiyo," Mama alikuuliza siku moja, "miaka yote hii unakwenda mbioni na hujaona mbio hata moja?"

"Naziona Januari."

"Wapi?"

"Hapo chini. Kwenye bakuli la dawa."

"Mungu wangu," alisema Mama. "Nimeolewa na kipofu, na mimi ndiye nimfungashie chakula."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Ni kweli lakini, Baba. Magari uliyokwenda kuyaona, ulikuwa ukiyaona Januari, filamu zinapotoka majini, miezi minne baada ya kila mtu.

Mama hajalia tangu ulipoondoka. Tunasema wazi kwa sababu watu wa kanisani wameuliza, wengine mbele yake. Alipokea sufuria zao zote za kuku na tambi, akarudisha kila moja imeoshwa. Alikata nyasi. Alibadilisha mafuta ya gari lako siku ileile ambayo ungeyabadilisha. Robbin, binti yenu, alipomuuliza anajisikiaje, alijibu, "Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Najua upo. Siusikii." Wa Robbin ulikuwa vilevile.

Karatasi yako tuliikuta kwenye mkoba wa kamera, chini ya vile vidude vyako vya kuziba masikio. *Majivu yangu yafungwe ndani ya parachuti ya Duane. Asishinde kwa ajili yangu.* Hayo tu. Kwa nyinyi watu wa mbio, wewe na dereva wako Duane, jambo hilo ni la kawaida. Orville Teague aliagwa hivyo, na mke wa yule fundi wa gia pia. Majivu hukunjwa ndani ya parachuti ya mkiani mwa gari, na dereva akipita mstari wa mwisho, akiifungua apunguze mwendo, mtu wao amekwenda. Lakini baba mkubwa Merle ni mzee wa kanisa, na hakulipenda hata kidogo.

"Mtu hakunjwi kama shati," alisema.

"Ndivyo alivyotaka," alisema Mama.

"Na tangazo la mwaka? Utaweka picha gani? Tangazo la kumbukumbu bila picha ni tangazo la ng'ombe aliyepotea."

Mama alifikiri kidogo. "Nitampiga hapo hapo," alisema. "Akitoka kwenye parachuti. Hiyo ndiyo itakuwa picha yake."

Merle akasema kama ni hivyo atakuja, mradi apewe nafasi ya kusali. Ndivyo walivyopatana. Robbin alitaka kupiga kwa simu, Mama akakataa katakata. Iwe kamera yako, filamu yako, na mkono wake. Miezi mitatu alijifunza barabarani nyuma ya nyumba kwa kupiga matrekta ya majirani yakipita. Katika picha nyingi alimkata dereva kichwa. Alikuwa halali vizuri kwa hilo, Baba. Ni kitu hicho kimoja tu mwaka huu wote tulichomwona akikiogopa.

Septemba ikafika. Duane Pruitt alitusubiri kambini kwake, amevaa ile suti yake ya kuzuia moto iliyobana tumbo, pembeni ya gari lake, Dhambi ya Jumapili, ambalo ulilipiga picha likishindwa mara zaidi ya thelathini. Robbin ndiye aliyemkabidhi kopo la majivu yako. Duane alilipokea kwa mikono miwili.

"Shemeji," alimwambia Mama, "huyu jamaa kanipiga picha nikishindwa tangu nina nywele. Leo atapanda na mimi, tushindwe wote."

"Kaandika usishinde kwa ajili yake."

"Hana haja ya kuandika. Gari lenyewe linajua."

Alikunja parachuti mwenyewe juu ya turubai, mkunjo kwa mkunjo, akikumwaga polepole kutoka kwenye kopo. Upepo ulipovuma kidogo alikukinga kwa mgongo wake. Robbin anakumbuka kwamba aliangalia mikono ile akajaribu kusikia uchungu, na alichosikia ni kiu.

Wapiga picha wote husimama mwanzoni, kwenye moto na kelele, kwa hiyo huko mwisho hapakuwa na mtu. Wasimamizi waliwaruhusu Mama na Merle wasimame nyuma ya ukuta wa zege, hatua chache kupita mstari wa mwisho. Robbin alibaki na Duane kwenye mstari wa kuanzia. Injini zilipowashwa watu wote walitokwa machozi, Robbin akiwemo, na yalikuwa ya naitro. Mama alikuwa robo maili mbali, macho makavu, kamera usoni, kidole mahali pake.

Taa zikawaka kijani. Duane aliachwa tangu mwanzo, kama kawaida yake. Merle, kusikia mngurumo unakuja, alivua kofia, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti. Alipoyafumbua parachuti ilikuwa imejaa hewa na gari liko mbali.

"Umeipata?" alimuuliza Mama.

Mama alikuwa ameshusha kamera.

"Nimeiona," alisema.

Merle alimkumbatia. Alirudi kambini akimwambia kila aliyekutana naye kwamba shemeji yake kaiona yote, mwanzo mwisho, kwenye kamera, na tangazo litakuwa na picha ambayo wilaya hii haijapata kuiona. Duane alirudi akivutwa na gari dogo, uso mweusi kwa moshi.

"Shemeji, nimeshindwa vizuri?"

"Umeshindwa vizuri sana, shemeji," alisema Mama, akamfuta paji la uso kwa leso yake.

Robbin alikuwa akimimina kahawa. Alimsikia Merle akisema kaiona, kaiona yote, na kahawa ikafurika kikombe. Alimtazama Mama. Mama alimtazama yeye. Wote wawili wamekula meza moja na kanuni yako maisha yao yote. Robbin akachukua kitambaa, akafuta kahawa.

Ile filamu ilikaa kwenye mlango wa friji, karibu na siagi, Oktoba, Novemba, Desemba. Merle aliulizia kila Jumapili. Mama alimjibu kila Jumapili kwamba picha za Verlin hutazamwa Januari. Alikuwa anajua, Baba. Miezi minne alijua hana picha yako, akaendelea kupika.

Januari Mama na Robbin waliteremka. Mama alikaa kwenye kiti chako, mtu wa kwanza kukikalia tangu siku ile, Robbin akashughulika na dawa kama ulivyomfundisha. Taa nyekundu. Mama aliuliza kama aiwashe nyeupe, Robbin akamwambia bado. Picha ya kwanza ikaja majini: Dhambi ya Jumapili limegusa mstari, na nyuma yake parachuti bado ni furushi limefungwa. Ya pili: gari limeshapita, parachuti imejaa pomoni, na hewa nyuma yake ni safi, hamna hata vumbi. Hakuna ya katikati.

Walizitazama kwa muda mrefu. Kisha Mama akasema, bila kuulizwa, maneno ambayo hakuwa amemwambia yeyote.

"Kamba zilinyooka kwanza. Nikasema sasa. Kidole hakikushuka. Alitoka kwa mkupuo mmoja, mweupe, kama unga ukikung'utwa kwenye aproni. Gari likaenda, yeye hakwenda. Alikaa. Nilidhani atatawanyika mara moja, lakini alikaa pale juu ya lami, jua linampiga kwa nyuma, mpaka nikamwona mpana kuliko barabara. Halafu ndipo akaanza kushuka. Nilipokumbuka kufyatua, gari lilikuwa kule."

"Nimekuelewa, Mama," alisema Robbin.

"Sikuikosa kwa kutetemeka. Nilikuwa naangalia."

Alichukua pini mbili, akaning'iniza picha zote mbili kwenye kamba yako, moja karibu na nyingine, maji yakidondoka sakafuni.

"Miaka arobaini," alisema. "Sasa najua alichokuwa anakikosa."

Hakulia. Alishika mkono wa Robbin, akaubana mpaka ukauma, na Robbin anasema huo ndio uchungu wa kwanza alioweza kuusikia tangu Februari, nao ulikuwa vidoleni.

Baba mkubwa Merle alielezwa kanisani kabla ya ibada. Baadaye alisema, "Na mimi niliyefumba macho kumwombea." Tumemsamehe. Nasi tunadhani ungemcheka.

Dada wa gazeti alipopokea picha alizigeuzageuza, akauliza marehemu ni yupi hapa. Mama alimwambia aziweke zote mbili bega kwa bega, asizikate pembe, na aache nafasi nyeupe katikati, upana wa kidole. Dada akasema nafasi tupu hulipiwa sawa na iliyojaa. Mama akasema anajua.

Basi hapo ndipo ulipo, Baba, kwenye huo upana wa kidole. Aliyekuona ni mmoja tu, na alikuona kwa niaba yetu.

Unakumbukwa na mkeo Nadine, ambaye kamera yako sasa iko kwenye ndoano karibu na koti lake. Na binti yako Robbin, aliyeandika haya kwa niaba ya wote. Na kaka yako Merle. Na Duane Pruitt, aliyeomba aandikwe kama ndugu, nasi tumemwandika. Na wote waliowahi kupokea bahasha mkononi mwako. Bahasha za mwaka ule wa mwisho, zenye picha ulizokuwa ukizikausha, Mama atazipeleka mwenyewe Sumner Creek mwisho wa kiangazi, kambi kwa kambi. Hatatuma hata moja kwa posta.

Daima tutakukumbuka, na kila Januari tutateremka kukutazama.